Mzee anayeitika kila jina: dawa za hospitali na wagonjwa wenye demensia Butembo na Beni

Kwa Wanande, mtoto hupewa jina kufuatana na nafasi yake ya kuzaliwa. Mvulana wa pili huitwa Kambale, wa tatu Kasereka. Ndiyo maana katika chumba cha wanaume cha hospitali yoyote ya Butembo au Beni hakuna anayeshangaa kukuta akina Kambale watatu wamelala kwenye vitanda vinavyofuatana. Muuguzi wa zamu ya usiku anapita na sinia ya dawa, anauliza: “Papa Kambale?” Mgonjwa mwenye akili timamu atauliza ni Kambale gani anayetafutwa. Mzee ambaye kumbukumbu imeanza kumtoroka atajibu, “Ndiyo, mwanangu,” kisha atapokea kidonge na kumeza.

Ugonjwa wa mzee huyo waganga wanauita demensia. Ubongo unaharibika polepole, mtu anasahau ya jana, kisha majina ya watoto, mwisho hata njia ya kwenda chooni. Shirika la Afya Duniani (OMS) linahesabu kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa nao duniani, na zaidi ya 60 kwa mia kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Huku kwetu Grand Nord, jamaa wengi husema tu kwamba ni uzee, na wengine, kwa bahati mbaya, wananong'ona juu ya ulozi. Kwa hiyo mgonjwa anafika hospitali kwa sababu nyingine kabisa: malaria, mguu uliovunjika, sukari, tansio. Kwenye karatasi yake panaandikwa malaria. Juu ya kichwa chake hapaandikwi kitu.

Hapo ndipo hatari inapoanza, maana dawa zinazomsumbua mgonjwa wa aina hii ni zile za kila siku. Prometazini na klorfeniramini, ambazo watu hunywa kwa mafua, kuwashwa au kukosa usingizi, zinazuia kemikali ile ile ambayo ubongo wake umepungukiwa. Kijana akizimeza atalala vizuri. Mzee mwenye demensia anaweza kukesha akiongea na watu wasiokuwepo, na mkojo ukamkwama. Diazepamu inamlegeza, akiamka usiku kutafuta mlango, anaanguka, na nyonga ikivunjika katika umri huo ni mwanzo wa safari nyingine. Tramadoli ya maumivu nayo huvuruga akili. Glibenklamidi ya sukari, akiinywa mara mbili kwa kuwa amesahau ile ya kwanza, inaweza kumlaza bila fahamu. Kinini kwenye serumu hushusha sukari ya damu pia, hasa kwa mtu asiyekula, na ni sababu moja ya kuheshimu pendekezo la OMS kwamba malaria kali itibiwe kwanza kwa sindano ya artesunati.

Sasa mgonjwa anapiga kelele, anang'oa serumu, anataka kwenda shambani saa nane za usiku. Vyumba vyote havilali. Jibu la haraka ni sindano ya haloperidoli. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliamuru onyo kali liandikwe kwenye dawa mpya za kundi hilo, baada ya majaribio kuonyesha kwamba wazee wenye demensia waliozipata walikufa mara 1,6 hadi 1,7 zaidi ya wale waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2008 onyo hilo likafika kwa dawa za zamani, haloperidoli ikiwemo. Haikupigwa marufuku. Kuna usiku ambapo mgonjwa atajiumiza au kuumiza wengine, na kipimo kidogo kwa muda mfupi kina nafasi yake. Lakini kabla ya sindano kuna maswali ambayo hayagharimu sana. Fujo hii imeanza lini? Ikiwa imeanza jana, basi si demensia peke yake: kuna homa, kibofu kilichojaa, maumivu, sukari iliyoshuka, au dawa iliyoongezwa juzi. Tone moja la damu kwenye kidole linaweza kutoa jibu katika dakika moja.

Anayefikiri kwamba hofu hii ni ya nchi za mbali akumbuke Ituri, jirani wa Beni. Kati ya Desemba 2014 na Agosti 2015, zaidi ya watu 1000 walilazwa huko wakiwa na misuli iliyokakamaa: shingo imepinda, uso umevutika, ulimi umetoka nje. Mwanzoni wengi walidhani ni ugonjwa wa uti wa mgongo. Uchunguzi, ambao Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walishiriki, ulionyesha kwamba vidonge vilivyoandikwa diazepamu vilikuwa na haloperidoli ndani, kwa miligramu 10 hadi 20 kwa kila kidonge. Watu 11 walikufa. Mwezi wa saba 2015 OMS ikatoa tahadhari kwa nchi zote.

Watu wale waliweza angalau kuonyesha kidole kwenye shingo na kusema jana nimemeza hiki. Mzee asiyejua leo ni siku gani angesemaje? Angekakamaa, na waliomzunguka wangesema ugonjwa wake umezidi.

Njia ambayo dawa inapita leo haitulizi moyo. Tangu Goma ianguke mikononi mwa M23 mnamo Januari 2025, sehemu kubwa ya bidhaa za Butembo na Beni inategemea Kasindi na mpaka wa Uganda. Butembo ina CADIMEBU, ghala la kununua na kugawa dawa muhimu, na taifa lina ACOREP, mamlaka ya kusimamia dawa. Hata hivyo, mara nyingi jamaa anatumwa na karatasi ya daktari kwenye famasia ya barabarani, anarudi na vidonge vilivyohesabiwa kutoka kopo kubwa na kutiwa ndani ya sashe ndogo, jina limeandikwa kwa kalamu, tarehe ya mwisho haimo. Fedha zikikosa ananunua nusu. Muuguzi anapokea alicholetewa.

Jamaa huyo, mlinzi wa mgonjwa, ndiye dawa bora iliyomo chumbani, na mara nyingi anatumiwa kama mtu wa kufua na kupika tu. Yeye anajua kwamba Mama Kahindo hunywa chai kabla ya kidonge la sivyo anakitema. Anajua kwamba alianza kuchanganyikiwa baada ya sindano ile ya Jumanne. Anajua Kinande, na mzee aliyepoteza Kifaransa na Kiswahili hurudia lugha ya mama yake. Kwa wale waliokimbia mauaji ya ADF katika wilaya ya Beni au vita vya Lubero, karatasi za matibabu zilibaki nyumbani au ziliungua, na kumbukumbu ya binti au mjukuu ndiyo kitabu pekee cha dawa kilichobaki. Kumwambia atoke nje daktari anapopita ni kujifunga macho.

Wauguzi watajibu kwamba wao ni wachache, na wana haki. Wengi hawako kwenye orodha ya mishahara ya serikali, wanaishi kwa kile mgonjwa anacholipa, na mmoja anaweza kubeba chumba kizima usiku kucha. Hakuna anayepaswa kuwaongezea fomu kumi. Wanaoulizwa hapa ni waganga wakuu wa hospitali na ofisi za maeneo ya afya: ni nani ameamua kwamba kitambaa chenye majina yote, mwaka wa kuzaliwa na kijiji, kilichofungwa mkononi mwa mgonjwa, ni anasa? Plasta na kalamu vinatosha. Orodha moja ya dawa zote, za nyumbani na za hospitali, iandikwe siku ya kuingia mbele ya jamaa, na ining'inizwe kitandani. Haloperidoli na diazepamu kwa mzee zisitolewe bila saini ya daktari na saa ya kumwangalia tena.

Miji hii imekwisha kufanya magumu kuliko hayo. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, ilijifunza kupima joto mlangoni na kunawa mikono kila kona. Na watu walipokataa kuona wazee wao wanapotea nyuma ya mahema, shirika la ALIMA lilileta Beni vyumba vyenye kuta angavu ili jamaa amwone mgonjwa wake na mgonjwa amwone jamaa. Mtu aliyesikilizwa wakati ule ni huyo huyo mlinzi wa mgonjwa.

Inabaki siku ya kutoka, ambayo hakuna anayeitazama. Mzee anarudi Vulindi au Mulekera na mfuko wa dawa mpya, na nyumbani, chini ya godoro, kuna mfuko wa zamani. Vidonge viwili vya tansio vyenye rangi tofauti vinaweza kuwa dawa ile ile. Familia ilete mfuko wa zamani hospitalini kabla ya kulipa bili ya mwisho, muuguzi aumwage mezani pamoja na ule mpya, na kile kisichotakiwa kibaki pale mezani.