TIKITI YA WIKI AU NAULI YA KILA SAFARI?

Baadhi yetu hupelekwa London kwa masomo mafupi au mikutano, na kila mara twasikia swali lile lile kwa wanaofunga mizigo: Je, mtu anunue tikiti ya siku saba, au alipe nauli ya kila safari? Wengi hujibu upesi kwamba tikiti ya wiki ndiyo rahisi, kwa kuwa mwenye nayo hupanda atakavyo. Sisi hatukubali neno hilo mpaka kwanza tujue atapanda mara ngapi.

Mmoja wetu alifika huko siku ya Alhamisi, akanunua tikiti ya siku saba ya kanda za 1 na 2 hata kabla hajajua nyumba aliyopangiwa iko wapi. Kumbe nyumba na chuo vilikuwa katika njia moja, mwendo wa dakika tano kwa miguu. Tikiti aliitumia Jumamosi kutazama mji, na Jumapili kwenda kanisani. Siku ya kuondoka haikumtosha, maana kiwanja cha ndege cha Heathrow kiko katika ukanda wa 6, ikambidi kuongeza nauli. Posho aliyodhani itabaki kwa karo ya mtoto iliishia katika mashine ya tikiti. Hatumcheki, sisi wenyewe tungalifanya vivyo hivyo.

Basi na tueleze jinsi hesabu inavyokwenda. Mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu Julai 2014. Abiria hugusisha mashineni kadi ya nauli iitwayo Oyster, au kadi yake ya benki. Mashine hujumlisha nauli za siku, na zikifika kikomo hatozwi tena mpaka kesho yake. Mwaka 2023 nauli ya basi iliwekwa kuwa paundi 1.75 na kikomo cha siku paundi 5.25, ndiyo kusema nauli tatu tu. Na tangu 2018 aliyelipa basi la kwanza aweza kupanda mengine ndani ya saa moja bila kutozwa. Mtu wa mabasi, basi, hana haja ya kununua tikiti yo yote mapema.

Kiko kikomo cha wiki pia, walakini hapo ndipo mgeni hunaswa. Wiki ya mashine huanza Jumatatu na kwisha Jumapili. Afikaye Alhamisi na kuondoka Jumatano, siku zake hukatwa vipande viwili, nne huku na tatu kule; na kwa kuwa kikomo cha wiki katika kanda za 1 na 2 hukaribia vikomo vya siku tano, hatakifikia. Mtu huyo, kama kweli atapanda treni za chini ya ardhi mara nyingi siku zote saba, tikiti ya siku saba humfaa, maana hiyo huanza siku yo yote. Tikiti ya mwenzetu haikuwa mbaya. Safari zake ndizo zilizokuwa hazipo.

Mengine ni madogo lakini hula fedha. Simu na kadi ya benki huhesabiwa mbalimbali, hata kama akaunti ni moja. Asiyegusisha kadi atokapo katika treni hutozwa nauli ya juu kabisa. Watu wawili hawawezi kutumia kadi moja. Benki nyingine hutoza ada kadi itumikapo ng'ambo, na yafaa kuuliza kabla ya kuondoka. Tena kutoka kituo cha Leicester Square hadi Covent Garden ni kama mita 260 tu. Wako wanaolipa nauli nzima kwa mwendo huo, nao ni watu wenye afya njema.

Twawaomba wanaorejea watuandikie walilala wapi, walipanda mara ngapi, na walilipa nini. Mwanachama aondokaye mwezi ujao ametujia mara mbili kuuliza, na mpaka leo tuna barua ya mtu mmoja tu ya kumwonyesha.