Tumwachie Choo Jirani Anayekwenda Kupimwa Utumbo

Ndugu zangu wa Mbagala, Tandika, Manzese na Tegeta, tumezoea kuchangiana misiba na harusi. Naomba tushikane pia katika jambo ambalo bado tunalinong'ona: kupimwa saratani ya utumbo mpana.

Duniani ni ya tatu kwa wingi kati ya saratani zote, na ndiyo iliyomwondoa mwanasoka Pelé Desemba 2022. Mara nyingi huanza na kinyama kidogo kinachoota ndani ya utumbo na kukua kwa miaka bila maumivu. Kikikatwa mapema, saratani haipati pa kuanzia. Uingereza, mtu akifikisha miaka 50 huletewa kipimo nyumbani kwa posta. Sisi hatuna utaratibu huo. Wengi wetu tunakwenda hospitali damu ikishatoka muda mrefu, tumeshajitibu bawasiri kwa mitishamba mpaka tumechoka.

Kipimo chepesi ni cha choo. Unapewa kikopo, unarudisha sampuli kidogo, maabara wanatafuta damu isiyoonekana kwa macho. Hakiumi. Kinachouma ni aibu ya kupita na kikopo mbele ya foleni na kumkabidhi kijana wa rika la mwanao. Damu ikionekana si lazima iwe saratani, maana hata bawasiri hutoa damu. Ndipo unapohitajika kipimo cha kamera.

Hapo ndipo wengi tunapokwama. Kwenye kipimo cha kamera, ambacho hospitali ya Muhimbili wanakifanya, mpira mwembamba huingizwa kwa njia ya haja kubwa, na daktari akiona kinyama anaweza kukiondoa papo hapo. Waliopitia husema kamera yenyewe ina nafuu kuliko usiku wa kuamkia kipimo. Huli chakula kigumu, unakunywa dawa ya kuharisha na maji mengi, kisha unakimbilia chooni mara kwa mara mpaka yatoke maji matupu. Mwenye choo chumbani kwake atavumilia. Je, mama aliyepanga chumba kimoja, choo kiko uani na kinatumiwa na nyumba nzima, maji ni ya kununua kwa dumu? Ataona haya kugongewa mlango usiku kucha, ataahirisha. Au atakwenda utumbo haujasafika, kamera isione kitu, arudishwe kuanza upya.

Usiku huo mmoja tunaweza kuubeba sisi. Wapangaji, mwachieni choo, mjazieni ndoo. Mwenye nyumba, hakikisha taa ya uani inawaka. Kesho yake asindikizwe, kwani akichomwa dawa ya usingizi hapaswi kurudi peke yake; nauli hiyo vikoba vyetu vinaiweza. Mashehe na wachungaji, litajeni jambo hili bila kuona haya, waumini watawafuata. Na kwenye mkutano wa mtaa tumwombe diwani wetu jambo moja, tena tusichoke kuliuliza: kipimo cha damu kwenye choo kipatikane kituo cha afya cha kata, na sampuli ipokelewe mahali pa faragha.

Ukiona damu chooni, au choo kimebadilika na uzito unapungua, usisubiri kikopo. Nenda kwa daktari wiki hii. Umefika miaka 45, au mzazi au ndugu yako wa tumbo moja aliugua saratani hii? Ulizia kupimwa hata kama hujisikii vibaya. Na jirani yako akikwambia kesho anakwenda kwenye kamera, mpelekee dumu la maji leo jioni.