Paka wa Sokoke na Sanadi ya Habari Zake

Kijana mmoja wa mtaani petu Makadara alinijia barazani juzi baada ya alasiri, simu mkononi, anataka nimwamulie. Alikuwa akisoma habari za mbwa wa Kijapani: mmoja aandika kabila zao ni sita, wa pili saba, wa tatu apita kumi. “Ami,” akaniuliza, “mkweli ni nani hapa?”

Mbwa si mnyama wa kumtia ndani ya nyumba zetu, na Mashafii twaijua mas'ala ya kuosha mara saba. Lakini kujua habari zake hakumtii mtu najisi. Tukakaa tukatafuta.

Jawabu likapatikana. Mwaka 1928 Bwana Saito Hirokichi aliunda chama cha kuwahifadhi mbwa wa asili wa Japani, kwani mbwa wa kigeni walikuwa wameingia kwa wingi, mbegu zikachanganyika. Wa asili walikuwa wamebaki zaidi kwa wawindaji wa milimani, na huko ndiko walikotafutwa. Baina ya 1931 na 1937 serikali ikatangaza kabila saba kuwa turathi ya taifa. Moja, Koshi, limetoweka. Zimebaki Akita, Kai, Kishu, Shiba, Shikoku na Hokkaido. Basi wa sita na wa saba wote wana shina. Yule wa kumi amewatia na waliochanganywa na mbegu za Ulaya, kama Tosa.

Nikamuuliza: “Na paka wa Sokoke, mwanangu, wamjua?” Hakumjua. Mbwa wa Hokkaido amjua kwa jina, na paka wa mwendo wa saa chache kutoka kwao hajapata kumsikia.

Paka huyu ni mwembamba, miguu mirefu, manyoya mafupi yenye mabaka ya kahawia kama mti mkavu. Wagiriama wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke walimjua zamani, na jina lake kwao huandikwa khadzonzo. Mwaka 1978 Bi Jeni Slater wa Watamu aliwakuta watoto wa paka hao shambani kwake akawalea. Baadaye rafiki yake, Bi Gloria Moldrup, akawapeleka wengine Denmark, na mwaka 1993 shirikisho la wafugaji wa paka la Ulaya likamtambua kuwa ni kabila mbali. Leo nasaba yake, mama na baba na babu, imeandikwa kwenye madaftari ya Ulaya na Marekani. Kwetu sijaona hata kijitabu kimoja cha Kiswahili juu yake.

Na penye ombwe huingia uzushi. Aliwahi kuelezwa kuwa ni paka mwitu wa msituni. Wataalamu walipozichunguza chembe za uzazi wake walikuta ni paka wa nyumbani, ndugu wa hawa wa mitaa ya pwani na Lamu, na asili yake yaelekea Asia. Mimi nadhani, na ni dhana tu, kwamba jahazi za kaskazi zaweza kutueleza mengi hapo. Paka wa Lamu nao hupewa wageni kwa kisa chao: ati ni wa Mafirauni wa Misri. Hoja kubwa ni kuwa wafanana na masanamu! Kwa hoja hiyo nusu ya watu wa Mombasa tungekuwa wafalme.

Sisi tuliofunzwa vyuoni hatuna udhuru. Mwalimu alitufundisha kuwa habari huulizwa sanadi: umeipokea kwa nani, naye kwa nani, na alikuwa mtu wa namna gani. Na katika masahaba, aliyepokewa hadithi nyingi kuliko wote, zaidi ya elfu tano, ni Abu Huraira, ambaye kuniya yake yenyewe ni baba wa kipaka. Hata hivyo tazama visa tunavyopelekeana kwenye simu. Kile cha Mtume kukata mkono wa kanzu asimwamshe paka wake Muezza hakimo katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa. Aliyesimuliwa kukata kanzu ni Sheikh Ahmad ar-Rifai wa Iraki, aliyefariki mwaka 1182. Na hali paka ana hadithi yake iliyo sahihi, ya Abu Qatada kumwinamishia chombo anywe maji ya udhu, na kueleza kuwa Mtume alisema si najisi. Mwenye hiyo ana haja gani na ya kubuni?

Makumbusho ya Taifa yana watu wake Fort Jesus na Gede, na Gede iko ubavuni mwa msitu wenyewe. Wawaendee wazee wa Kigiriama sasa, wangali hai, wawaulize: paka huyu walimkuta wapi, walimfuga au aliishi mwenyewe, na jina lake lina maana gani hasa? Vitabu vya wageni vyasema ni gome la mti. Huenda ni kweli, lakini sijaona pahali alipotajwa Mgiriama aliyesema hivyo. Majibu yaandikwe kwa Kiswahili na Kigiriama, na jina la msemaji, kijiji chake na tarehe. Kijana wangu amesema atakwenda Gede mwenyewe shule zikifungwa. Nimemwambia achukue daftari, simu aiache mfukoni.