Kimya cha Klabu Hakijawahi Kuilinda Nakuru

Katika klabu nyingi za Nakuru, iwe ya soka, ya mbio za asubuhi, ya baiskeli au ya drafti, mwanachama mpya huambiwa mapema kwamba siasa aiache nyumbani, na dini vilevile. Sharti hilo hutolewa kwa nia njema, na karibu kila mtu huliitikia bila kuuliza. Wazee hulisifu kuwa ni busara, na vijana hulirudia kana kwamba ni kanuni ya mchezo wenyewe. Ni imani potofu, na katika Bonde la Ufa ni imani ya hatari.

Ushahidi wa kwanza ni Afraha. Mji huu ndio ulioipa Kenya bingwa wake wa kwanza wa ligi ya taifa, Nakuru AllStars, mwaka 1963, na Afraha ndio uwanja mkuu wa soka wa Nakuru. Lakini Desemba 2012 Uhuru Kenyatta na William Ruto waliutumia kuonyesha muungano wao mbele ya umma, na tarehe 16 Aprili 2016 wakarudi, kesi zao katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, Hague, zikiwa zimekwisha, kwa mkutano ulioitwa wa maombi na shukrani. Siasa na dini zilipanda pamoja juu ya nyasi za mpira, na hakuna aliyezizuia langoni. Anayezuiwa ni beki wa kulia na mweka hazina wa klabu, watu waliotaka tu kuulizana yaliyosemwa uwanjani mwao yana maana gani kwao. Basi sharti hili haliondoi siasa michezoni. Linampa mwanasiasa kipaza sauti na kumfunga mchezaji mdomo.

Tena, nani anaweza kuzungumzia soka ya Kenya bila siasa? Novemba 2021 Waziri wa Michezo, Amina Mohamed, alilivunja shirikisho la soka. Februari 2022 FIFA ikaifungia nchi, na timu ya taifa, Harambee Stars, ikaondolewa katika mchujo wa Kombe la Afrika la 2023. Kifungo kilidumu hadi Novemba 2022. Shabiki aliyetii sharti la kimya miezi hiyo yote hakuwa na ruhusa hata ya kuuliza kwa nini timu yake haichezi.

Dini nayo imo ndani tangu zamani. Mikutano mingi ya klabu hufunguliwa kwa sala, na mara nyingi sala hiyo ni ya Kikristo, hata pale Mwislamu, Mhindu au Singasinga wa Nakuru anapokuwa ameketi kwenye duara. Mechi ikipangwa Jumamosi, Msabato anaachwa nje. Mazoezi ya jioni yakiendelea katika Ramadhani kama kawaida, aliyefunga huchagua kati ya swaumu na nafasi yake kikosini. Hayo ni maamuzi ya kidini, na hufanywa kila msimu. Kinachokatazwa ni kuyahoji.

Historia ya eneo hili inaonyesha pia kilio cha "msichanganye" kimemfaidi nani. Mwaka 1980 serikali ya Rais Daniel arap Moi iliamuru vyama vya kikabila vivunjwe, na majina ya klabu yakasafishwa: Abaluhya ikawa AFC Leopards, Luo Union ikawa Reunion. Jezi zilibaki, mashabiki walibaki, na yale yaliyokuwa yakiwatenganisha watu, ardhi na madaraka, yalibaki pia bila mahali pa kuyasemea. Agosti 1990 Waziri Peter Okondo alimwonya Askofu Alexander Muge wa Eldoret, mkosoaji mkali wa serikali, asikanyage Busia. Muge alikwenda, naye akafa katika ajali ya barabarani alipokuwa akirudi, tarehe 14. Haukupita muda mrefu Molo na Olenguruone zikawaka. Kamati ya bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilihesabu mwaka 1992 watu 779 waliouawa katika mapigano ya kikabila ya wakati huo nchini. Askofu wa Nakuru, Ndingi Mwana'a Nzeki, alipopaza sauti kuwatetea waliofukuzwa mashambani mwao, lawama ya wakubwa wa chama tawala cha KANU ilikuwa ile ile: dini isiingilie siasa. Maneno ambayo leo katibu wa klabu huyasema kwa upole yalikuwa wakati huo rungu la wenye mamlaka.

Wanaotetea kimya hutaja machafuko ya baada ya uchaguzi, ya 2008, na hofu yao inastahili heshima. Jioni ya tarehe 24 Januari mwaka huo machafuko yaliingia Nakuru mjini. Mitaa kama Kaptembwo na Ponda Mali iligawanyika, na uwanja wa maonyesho ukajaa wakimbizi wa ndani. Tume ya Waki, iliyoyachunguza machafuko hayo, ilihesabu vifo 1,133 nchini kote. Lakini maneno yaliyotangulia moto yalisafiri hasa ndani ya kabila moja, kwa ujumbe wa simu, kwa vikaratasi na kwa redio za lugha za mama, mahali ambapo jirani anayesemwa hakuwapo kujibu. Kucheza na kukimbia pamoja hakukutosha kuwa kinga. Lucas Sang, aliyeiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Seoul 1988, aliuawa karibu na Eldoret tarehe 31 Desemba 2007.

Hilo limepimwa kwingine. Mtafiti Salma Mousa alichapisha mwaka 2020, katika jarida la Science, matokeo ya jaribio lililofanyika Iraki baada ya vita vya ISIS. Timu za Wakristo waliokimbia makwao ziligawanywa kwa kura: baadhi ziliongezewa wachezaji Waislamu, nyingine zikabaki za Wakristo watupu. Waliochanganywa walikuwa tayari zaidi kufanya mazoezi na Waislamu hata miezi sita baadaye, na kuwapigia kura ya tuzo ya uungwana. Nje ya uwanja, pamoja na watu wasiowajua, athari hiyo ilififia. Utafiti huo haukupima mijadala, lakini unaonyesha pale mpira unapoishia. Hatua inayofuata inahitaji maneno.

Na katika Nakuru yenye Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Waluo, Wakisii na Wahindi, ni wapi maneno hayo yatasemwa wote wakiwapo? Makanisa mengi yana lugha yake, vyama vingi vya akiba ni vya ndugu na watu wa kijiji kimoja. Timu iliyochanganyika ni mojawapo ya meza chache zilizobaki, na juu yake klabu imebandika kibao cha marufuku.

Kuruhusu mjadala si kuruhusu matusi. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 kinamwadhibu mchochezi wa chuki za kikabila kwa faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Ibara ya 33 ya Katiba inamlinda mwenye hoja. Klabu yoyote inaweza kuchora mstari hapo hapo: mazoezi yaishe kwanza, watu wazungumze Kiswahili ili asiwepo wa kusemwa kwa lugha asiyoielewa, na anayetukana kabila au dini ya mwenzake atolewe yeye, mada ibaki. Kazi ya mwenyekiti itakuwa ngumu zaidi. Ndiyo maana alichaguliwa.

Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027. Viongozi wa klabu za Nakuru, Molo, Njoro, Gilgil na Naivasha wana muda wa kulifuta sharti hilo sasa, wakati wachezaji wao bado wanasikilizana, badala ya kungoja kampeni zianze na kila mmoja awe ameshajibiwa na watu wa kwao peke yao.