Marathoni na Vijia vya Kikima

Hapana shaka wapo wasomaji wa ukurasa huu watakaocheka wakisikia kwamba mtunzi wa mashairi, mtu wa pwani aliyekwisha kuvuka hamsini, anajitayarisha kukimbia marathoni. Nami nacheka nao. Huku kwetu Mombasa mtu mzima akionekana anakimbia, watu humwuliza kaibiwa nini. Lakini daktari aliyeipima sukari ya damu yangu hakucheka, na kaka yangu, Mungu amrehemu, alikatwa mguu kabla ya kukata roho. Basi nikaona afadhali nichekwe ningali na miguu miwili.

Kwa miezi mitatu nimekimbia alfajiri baada ya sala, kandokando ya bahari, pahala palipo sawa kama sinia. Nilipotimiza kilomita 20 bila kusimama nilijiona fahali. Ndipo nikaenda Kikima, katika vilima vya Mbooni, Kaunti ya Makueni, kwa wazazi wa mkazamwanangu.

Kikima iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na pumzi ya mtu wa pwani huijua tofauti hiyo mara moja. Kijana mmoja wa nyumba ile naye anajitayarisha kwa marathoni, ila yeye anaitafuta riziki. Anataka pia kujaribu mbio za milimani, na mwalimu wake kamkataza, eti zitamharibia mwendo wa lami. Alinichukua nikavione vijia anavyofanyia mazoezi. Nilikwenda kama shahidi, nikarudi kama maiti.

Kupanda kulinitoa pumzi tu. Kushuka ndiko kulikoniadhibu. Yale matuta ya fanya juu, ambayo wakulima wa Ukambani huyachimba kwa kutupa udongo upande wa juu wa mfereji ili mvua isiuchukue, yameugeuza mlima kuwa ngazi, na kijia hukatiza humo humo. Mimi nilikuwa nikijizuia kwa visigino, mgongo nimeurudisha nyuma kama mtu anayevutwa kupelekwa kortini. Kijana akanigeukia: "Mzee, usijizuie hivyo. Fupisha hatua, uangalie mbele." Siku mbili baadaye nilikuwa nikishuka kitandani kwa kushika ukuta.

Nimeuliza sababu, na sababu yenyewe si uchawi. Mtu apandapo, misuli ya mapaja hujikunja ikisukuma. Ashukapo, misuli hiyo hiyo hunyooshwa huku imekaza kumzuia asianguke, na nyuzi zake hupata mikwaruzo. Ikisha kupona huwa imekomaa, na kwa majuma kadhaa mteremko kama ule hauiumizi tena vile.

Sasa mwalimu wa kijana na aitazame Boston. Mbio zile huanzia Hopkinton, na kwa kilomita nyingi njia huteremka. Vilima vya Newton, baada ya kilomita 25, ndivyo vinavyolaumiwa, na kumbe mapaja yalikwisha kuliwa zamani kwenye mteremko. Huko ndiko Cosmas Ndeti, mzaliwa wa Machakos, alikoshinda mwaka 1993, akashinda 1994, akashinda tena 1995. Saa 2, dakika 7 na sekunde 15 alizokimbia mwaka 1994 zilibaki rekodi ya njia ile hadi mwaka 2006. Sidai kwamba vilima pekee ndivyo vilivyompa ushindi. Lakini asiyejua kushuka hashindi Boston mara tatu mfululizo.

Atatokea mtu aseme: mbona Patrick Makau, naye wa Machakos, aliweka rekodi ya dunia ya saa 2:03:38 mwaka 2011 huko Berlin, mji tambarare kama kiganja? Kweli. Anayekwenda Berlin na azidishe lami, sibishi. Ninachokipinga ni marufuku. Mbio za milimani nazo zina heshima yake: Mkenya Patrick Kipngeno alitwaa ubingwa wa dunia wa kupanda mlima mwaka 2022 nchini Thailand, akautwaa tena mwaka 2023 nchini Austria. Kwa nini kijana wa Mbooni, aliyezaliwa juu ya ngazi, afungiwe mlango huo?

Tena watu wa nchi hii hawakuanza jana kuitegemea miguu. Katika karne ya 19, kabla ya reli, misafara ya Wakamba ilishuka hadi Mombasa ikibeba pembe za ndovu. Wazee wetu walizipokea pembe, wakazipima, wakazilipia. Sijasikia kwamba kuna aliyeuliza habari za magoti.

Pamoja na hayo, mwalimu yule ana haki katika jambo moja, nalo ni wakati. Chuoni tulianza na alifu, hakuna aliyekabidhiwa juzuu siku ya kwanza. Mlima na uje mapema, taratibu, mteremko mfupi kabla ya mrefu. Zikibaki wiki nne kufika marathoni, kijana akishindana mlimani atakuwa anaichezea riziki yake, maana kifundo kikiteguka hakisikilizi hoja. Nimemwambia hivyo mbele ya baba yake. Alinyamaza, kisha akaomba kalenda.

Mimi narudi Kikima mwezi ujao. Kijana ameahidi kuningoja juu ya kila tuta. Mkwe wangu naye amesema atatufuata na punda, mmoja tu, maana amekwisha kujua ni nani atakayerudi juu yake.