Ngano ndani ya boksi la mtalii

Alfajiri, kabla magari ya watalii hayajaanza kupanda kuelekea Loduare, lango la Ngorongoro, majiko ya Karatu huwa yameshawaka. Wapishi wanafunga maboksi ya chakula cha mchana: sandwichi au chapati, paja la kuku, yai la kuchemsha, kipande cha keki, ndizi, juisi ya pakiti. Mgeni mwenye ugonjwa wa seliaki atakapolifungua boksi lake kando ya bwawa la Ngoitokitok, chini kabisa ndani ya kreta, hatakuwa na duka la kukimbilia.

Tena huyo hadeki. Gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, huifanya kinga ya mwili wake iushambulie utumbo wake mwenyewe. Inakadiriwa kuwa karibu mtu 1 kati ya 100 duniani ana ugonjwa huu, na wengi hawajijui. Tiba yake ni kuacha gluteni maisha yote.

Kinachoshangaza ni jinsi hoteli zinavyohangaika kutafuta mikate maalumu ya bei mbaya, ilhali chakula cha wenyeji kimejaa visivyo na gluteni: ugali, makande, loshoro ya Wamaasai, mchemsho wa ndizi, viazi vitamu. Wamexico, ambao mahindi asili yake ni kwao, hupika taco zao kwa chapati nyembamba za mahindi, na mgonjwa wa seliaki huzila bila wasiwasi iwapo hazikuchanganywa na ngano. Mtalii anayezijua hizo hahitaji kubembelezwa ale ugali.

Ila mpishi asikimbilie kusema "hii ni mahindi tu, mama, kula." Karatu ni nchi ya ngano. Mashine iliyosaga ngano asubuhi ikisaga mahindi mchana, unga wa pili hutoka na masalia ya ule wa kwanza, na kiwango cha kimataifa cha Codex kwa chakula kisicho na gluteni hakizidi miligramu 20 kwa kilo. Chipsi nazo ni viazi vitupu mpaka zitumbukizwe kwenye mafuta yaliyokaangia maandazi na sambusa. Mchuzi huongezewa unga wa ngano ili uwe mzito, na sosi ya soya mara nyingi ina ngano. Kikaango cha chapati hakifai kabisa.

Dawa ya haya haihitaji bajeti kubwa: sufuria na mwiko wa peke yake, viazi vya kuchemsha, kuku wa kuchoma kwa chumvi na ndimu, parachichi, karanga. Kazi kubwa iko kwa kampuni za utalii. Taarifa ya mgeni isiishie ofisini Arusha au kwa dereva. Imfikie mpishi siku moja kabla, ili boksi la mgeni huyo lifungwe la kwanza, mikate ikiwa bado haijakatwa, na jina lake liandikwe juu.