Kitabu Ndani ya Kadi: Wito kwa Watu wa Mbinga na Nyasa

Ukiishi Liparamba, Tingi au Mpepo na ukataka nyimbo mpya, huna haja ya kusubiri mtandao. Unamfuata kijana wa kibanda cha kuchajisha simu, yule mwenye sola juu ya bati na kompyuta iliyochoka, unampa kadi yako ya memori na kumtajia wasanii unaowataka. Anakujazia kwa hela ndogo. Usiku unasikiliza kwenye kitochi au kwenye spika ya kuchomeka flashi, na chaji ikiisha kesho unarudi kwake. Huduma hii imefika hata mahali ambapo kitabu cha kuazima hakipatikani.

Ndugu zangu wa Mbinga na Nyasa, ile ni maktaba. Imekosa vitabu tu. Naomba tuijaze, na tuanze na wale ambao kitabu cha karatasi hakiwafai kitu: ndugu zetu wasioona.

Tunao miongoni mwetu, na ukanda wetu una sababu yake ya kuwa nao. Ruvuma ni miongoni mwa mikoa iliyoandamwa na usubi, ugonjwa unaopofusha na unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi, na mito ya namna hiyo tunayo tele milimani kwetu. Kampuni ya Merck ilitangaza mwaka 1987 kwamba itatoa dawa yake, Mectizan, bure kwa muda wote itakapohitajika. Lakini walioifikisha dawa hiyo mlangoni kwa watu walikuwa wagawa dawa, majirani waliochaguliwa na vijiji vyenyewe, waliopita nyumba kwa nyumba na fimbo ya kupimia urefu wa mtu ili wajue wampe vidonge vingapi. Dawa ilizuia wengine wasipofuke. Waliokwisha kupofuka haikuwarudishia macho. Wapo pia waliopoteza uoni kwa trakoma, kwa presha ya macho, kwa kisukari, kwa mtoto wa jicho. Kwa huyu wa mwisho nisimame kidogo: mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi. Kabla hujamtafutia bibi yako kitabu cha kusikiliza, mpeleke kwanza akapimwe. Akirudi anaona, atasoma mwenyewe.

Wengi wa wazee hawa walipoteza uoni ukubwani, na nukta nundu, maandishi ya kusomwa kwa vidole, hawakuzijua. Kuwaambia waanze leo ni kuwaonea. Vidole vilivyokomaa kwa jembe la ngoro havizisikii vizuri nukta ndogo kama zile. Kwa mtoto ni habari nyingine. Mtoto asiyeona lazima afundishwe nukta nundu, maana ndiyo kalamu yake. Shule ya Buigiri kule Dodoma imeifanya kazi hiyo tangu mwaka 1950. Asitokee mkuu wa ofisi akasema kwamba kwa kuwa sasa kuna kadi za memori, mashine za nukta nundu zisinunuliwe tena. Mtoto anahitaji vyote viwili, kwa sababu riwaya moja ikiandikwa kwa nukta nundu hugeuka kuwa majuzuu kadhaa mazito, na shule ikibahatika kupata nakala moja, darasa zima huipanga foleni.

Fikiria riwaya ya Takadini ya Ben Hanson. Kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa vitabu teule vya Kiswahili kwa kidato cha tatu na cha nne. Inamhusu mtoto aliyezaliwa na ualbino, na mama yake anayekimbia naye ili asiuawe. Sasa, watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu. Herufi ndogo za kitabu cha kawaida huwaponyoka hata wakikaa dawati la mbele. Kwa hiyo tunampa kijana mwenye ualbino kitabu kinachomzungumzia yeye, kilichochapwa kwa herufi asizoweza kuzisoma, kisha tunamtahini. Anabaki kumbembeleza mwenzake amsomee, na mwenzake naye ana mitihani yake, ana maji ya kuchota, ana usingizi. Akisomewa sura tatu leo, ya nne ataipata siku mwenzake akiwa na nafasi. Nikiulizwa tuanze na kitabu gani, nitajibu hicho, halafu Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo na Joka la Mdimu cha Abdallah Safari.

Jambo hili si geni duniani. Waingereza walianza kuwaazimisha wasioona vitabu vya sauti mwezi Novemba 1935, kwa msukumo mkubwa wa askari waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza. Vitabu viwili vya mwanzo vilikuwa hadithi ya upelelezi ya Agatha Christie na hadithi ya baharini ya Joseph Conrad. Vilikuwa kwenye santuri. Upande mmoja ulibeba dakika 25 hivi, na riwaya ya kawaida ilichukua santuri kumi. Leo piga hesabu mwenyewe. Sauti ya mtu mmoja anayesoma, ikihifadhiwa kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde, hula megabaiti 29 hivi kwa saa. Kadi ya gigabaiti 32 inabeba zaidi ya saa 1,000. Riwaya ya maneno 45,000 husomwa kwa saa sita hivi. Kadi moja, isiyozidi ukucha wa kidole gumba, inaweza kubeba riwaya zaidi ya 150.

Napenda walivyoanza na upelelezi. Sisi tuna tabia ya kudhani mtu asiyeona anahitaji mahubiri na matangazo ya afya, basi. Mahubiri anayapata, Redio Maria Tanzania ilianzia hapahapa mkoani kwetu, Songea, mwaka 1996. Anachokosa ni kuchagua. Redio ni njema, na sisi ni watu wa kusikiliza tangu zamani. Waliokua na Redio Tanzania hawajamsahau Debora Mwenda na kipindi chake cha Mama na Mwana. Lakini redio ikishapita imepita. Huwezi kuiambia irudie ukurasa, wala kuiomba kitabu ukitakacho. Mzee anayetaka hadithi za mpelelezi Willy Gamba wa Elvis Musiba apewe Willy Gamba, hata kama ni shemasi.

Wapo watakaosema simu janja siku hizi zinasoma zenyewe, na ni kweli: zipo programu zinazotamka Kiswahili, na kwa gazeti au barua zinafaa sana. Ila zinahitaji simu ya bei, na kitabu kilichokwisha kuwa maandishi ya kompyuta. Na kwenye majibizano ya mama mkwe na mkaza mwana, sauti ya mashine inawasoma wote wawili kama tangazo la zabuni.

Basi tunahitaji wasomaji. Walimu wastaafu, wanakwaya, madalali wa mnadani, wanafunzi wa kidato cha sita wanaosubiri matokeo: sauti mnazo. Simu ya kawaida inatosha kurekodi, mradi usome katika chumba chenye nguo na mablanketi ya kumeza mwangwi, simu iwe shubiri moja kutoka mdomoni na pembeni kidogo ili pumzi isivume. Walio kando ya ziwa, Liuli na Mbamba Bay, wasome upepo ukiwa umetulia. Mvua ikianza kupiga bati, acha. Rekodi kila sura katika faili lake, ulipe namba, ili msikilizaji wa kitochi aweze kuruka mbele na kurudi nyuma. Mwanzoni taja jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji na jina lako. Usiruke neno usilolipenda, wala usiongeze maoni yako. Ukikosea, rudia sentensi nzima. Na usiigize kupita kiasi. Msikilizaji ana akili yake.

Kuhusu haki za waandishi, sipendi jambo hili lifanywe kihuni. Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa tarehe 27 Juni 2013, ulitungwa kwa ajili ya hali hii hasa: maktaba na vyama visivyotafuta faida viruhusiwe kutengeneza nakala za vitabu kwa ajili ya wasioweza kusoma chapa ya kawaida, na kubadilishana nakala hizo kati ya nchi na nchi. Kenya, Malawi na Uganda walitutangulia; Tanzania ilijiunga mwaka 2020. Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu, namba 9 ya 2010, nayo ipo. Lakini hakuna lolote katika hayo linalokupa ruhusa ya kurusha riwaya nzima kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kazi ipitie Chama cha Wasioona Tanzania na Bodi ya Huduma za Maktaba, na mchapishaji aandikiwe barua hata pale ambapo huenda mkataba usingemlazimisha mtu kuiandika. Wachapishaji nao nawaomba wajibu barua hizo. Msikilizaji wa Liparamba asiyeona hakuwa mteja wao. Hawapotezi hata senti.

Maktaba ya mkoa iko Songea, na kutoka Mbinga mjini pekee ni karibu kilometa 100. Kumwambia mtu asiyeona wa mpakani mwa Msumbiji aifuate huko ni mzaha. Kadi ndizo zimfuate. Taratibu za Umoja wa Posta Duniani zinasamehe ada ya kawaida ya posta kwa vifaa vya wasioona vinavyotumwa kati ya nchi na nchi, rekodi za sauti zikiwamo. Meneja wa posta aombwe kufanya hivyohivyo hapa nchini. Na kwa hatua ya mwisho, ile ya kutoka kituo cha basi hadi uani kwa mtu, tunao wagawa dawa wetu. Wao wanazijua nyumba zote, na wanajua nani anaona na nani haoni. Halmashauri zetu zikiwaongezea posho kidogo, watabeba kadi mpya na kurudisha za zamani katika mzunguko uleule.

Kwa vijana wa vibanda: msiwatoze wasioona hela ya kujaziwa kitabu. Wekeni folda ya vitabu peke yake, na msiichanganye na singeli. Kwa wenyeviti wa vijiji: kamati ya kuchagua vitabu iongozwe na mtu asiyeona, na iwasikilize pia wazee wasioona wenye ngano za Kimatengo, Kimpoto na Kinyanja. Hao ndio warekodiwe, na majina yao yatajwe mwanzoni mwa faili kama la msomaji mwingine yeyote.

Na kwa wakuu wa shule za sekondari za wilaya zote mbili: muhula wa Januari ukifunguliwa mtakuwa na majina ya wanafunzi wasioona na wenye uoni hafifu. Waulizeni wanasoma kitabu gani, mpeleke orodha kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na mchague mwalimu mmoja mwenye sauti njema aanze sura ya kwanza wiki hiyohiyo.